Naomba ushauri: nailoni za kitalu nyumba ziingie namba gani ya forodha?

Wakuu, habari za kazi. Nina mzigo wa nailoni za kufunika vitalu nyumba, na wakala wangu wa forodha tumeshindwa kuelewana.

Mzigo uko wa aina mbili. Kwanza marobota ya polithini tupu, mikroni 200, haina uzi ndani wala tundu. Hayo nayaona wazi ni 3920.10, namba ya shiti za polithini. Kichwa kinauma kwenye aina ya pili: vipande vilivyokatwa tayari, kingo zimekunjwa na kuchomelewa kwa moto, na kila baada ya mita moja kuna tundu lenye pete ya chuma la kupitishia kamba.

Wakala anataka vyote viende 3920, "si plastiki tu hiyo". Mimi nimesoma tanbihi ya 10 ya Sura ya 39, sura ya plastiki kwenye kitabu cha ushuru wa forodha: 3920 na 3921 ni za shiti ambazo hazijakatwa, au zimekatwa mstatili au mraba bila kufanyiwa kazi zaidi. Pindo na pete si kazi zaidi hiyo? Naona vinaangukia 3926.90, yaani bidhaa nyingine za plastiki. Nikiandika "kwa kilimo" kwenye ankara haisaidii, maana tanbihi hiyo inaangalia umbo, haiulizi unaenda kufunika nyanya au gari.

Aliyewahi kupitisha vipande vyenye pete, ulitumia namba ipi? Na uamuzi wa awali wa forodha (jibu lao kuhusu namba kabla mzigo haujafika) uliuomba kwa kupeleka sampuli, au maelezo ya kiwanda yalitosha? Meli bado iko njiani.