Wastani wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya nyumbani Tanga, fomula inagoma

Dada wa Makorora, yuko Birmingham:

Asalaam aleykum jamani, habari za huko mliko. Sisi ndugu tunachangia matumizi ya nyumba ya mama, na mdogo wetu aliyebaki Tanga anaandika kila kitu kwenye Google Sheets, tarehe kolamu A, aina ya matumizi B, kiasi C. Nataka wastani wa umeme tu, maana nikiweka AVERAGE ya kawaida inachanganya samaki, maji, dawa mpaka bodaboda. Kaka yetu wa Ujerumani kanitumia fomula imeandikwa MITTELWERTWENN, kwangu inakataa kabisa.

Kaka wa Chumbageni, yuko Hamburg:

Waaleykum salaam dada. Hiyo ni ileile AVERAGEIF, Excel ya Kijerumani majina ya fomula yamegeuzwa, na badala ya koma tunaweka nukta mkato kwa sababu huku koma ndiyo desimali. Faili lenyewe la Excel ukilifungua linajigeuza lenyewe, ila fomula iliyokopiwa kwenye meseji haijigeuzi ng'o. Wewe andika:

=AVERAGEIF(B2:B500,"umeme",C2:C500)

Ukitaka na tarehe, tuseme kuanzia Januari 2025, tumia AVERAGEIFS, na hapo angalia maana mpangilio unapinduka, kolamu ya pesa inatangulia:

=AVERAGEIFS(C2:C500,B2:B500,"umeme",A2:A500,">="&DATE(2025,1,1))

Ikileta #DIV/0! ujue haijapata hata mstari mmoja wenye kiasi cha kupigia wastani.

Lakini dada, kabla hujawapelekea ndugu zako hiyo namba naomba unisikilize hapa, maana ndipo familia zinapogombana. LUKU hainunuliwi mara moja kwa mwezi. Mwezi mmoja wamenunua ya 20,000, ya 10,000 na ya 15,000, fomula itakwambia wastani 15,000, ambao ni wastani wa kila manunuzi, wakati mwezi huo umeme umekula 45,000. Mkigawana mchango kwa hiyo 15,000 mama atakaa gizani na nyie mtasema mdogo wenu anakula hela, kumbe kijana wa watu hana kosa. Jumlisha kwanza kwa mwezi, kolamu ya pembeni, tuseme F:

=SUMIFS(C2:C500,B2:B500,"umeme",A2:A500,">="&DATE(2025,1,1),A2:A500,"<"&DATE(2025,2,1))

Fanya hivyo kila mwezi F2 mpaka F13, halafu =AVERAGEIF(F2:F13,">0"), ile miezi ambayo haijafika ina sifuri na itarukwa.

Mdogo mtu, Ngamiani:

Shikamooni. Mimi ndiye ninayejaza. Kuna siku naandika luku, siku nyingine umeme, na kwenye kiasi naweka sh 20,000 ili mama akisoma aelewe. Ina shida? Na mwezi ambao mama hakununua dawa kabisa niweke sifuri au niache wazi?

Kaka wa Chumbageni:

Marahaba mdogo wangu. Ina shida, ukiandika sh mbele inakuwa maneno na fomula inairuka kimyakimya bila kukwambia, utaiona imejisogeza kushoto mwa seli wakati namba hukaa kulia. Andika 20000 tupu, hiyo sh utaiweka kwenye fomati ya namba. Jina chagua moja, umeme, herufi kubwa au ndogo haijalishi ila nafasi iliyobaki mwishoni inaharibu, bora utengeneze orodha ya kuchagua kwenye kolamu B usiwe unaandika kwa mkono. Dawa, kama kweli hakununua basi hiyo ni sifuri halali na lazima ihesabiwe, kwa hiyo kwenye jumla za dawa usiweke ile ">0", tumia AVERAGE ya miezi iliyokwisha tu. Kuacha wazi seli ya jumla ya mwezi ni pale ambapo hujui au risiti imepotea, seli iliyo wazi haihesabiwi.

Dada wa Makorora:

Mungu akujalie kaka. Mdogo wangu, nimekufungulia ruhusa ya kuhariri mpaka kolamu F, anza na mistari ya mwezi huu, ya nyuma nitaisafisha mwenyewe Jumamosi.