Kikundi cha Majirani: Tumpokee nini binti anayemuuguza mama yake

Mama Neema: Jamani, habari za jioni. Lile suala la binti wa miaka 13 anayemuuguza mama yake mwenye kiharusi. Jina lake tusiliandike humu, watoto wetu wanashika hizi simu. Nataka kujua kipi tumwachie na kipi tumpokee.

Da Rehema (nesi): Nzuri, Mama Neema. Vya kumpokea mara moja ni vitatu: kumhamisha mgonjwa, kupanga dawa, na kumwogesha mama yake sehemu za siri. Mengine anaweza, mradi aelekezwe.

Baba Tumaini: Kumhamisha hata kama mama ni mwembamba?

Da Rehema (nesi): Hata hivyo, kaka. Mgonjwa anapolegea, uzito wote unaishia kwenye kiuno cha mtoto. Halafu watoto huvuta mkono au kwapa. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, ukilivuta linachomoka kidogo na maumivu yake hukaa miezi.

Kaka Idi (mazoezi ya viungo): Utaratibu wa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kwa mtu mzima atakayekwenda: kiti kikae mshazari upande wenye nguvu. Funga breki zote mbili, pandisha vikanyagio. Mgonjwa asogee ukingoni, nyayo zote mbili sakafuni, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Zuia goti dhaifu kwa goti lako, shika mkanda wa kiunoni. Sasa ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, makalio yatainuka. Wengi huharibu hapo kwenye kuinama: wanamvuta juu akiwa wima, anaelemea nyuma, wanaanguka wote.

Kaka Idi (mazoezi ya viungo): Na mgonjwa akidondoka wakati mtoto yuko naye peke yake, asimdake wala asimwinue. Aweke mto chini ya kichwa, amfunike, apige simu.

Mama Neema: Na kumgeuza kitandani? Nasikia kila saa 2, hata usiku.

Da Rehema (nesi): Mchana ndiyo, saa 2. Usiku mtoto wa shule hawezi, na tusimdai. Tutafute godoro maalumu la kupunguza mgandamizo, kisha nesi akague ngozi aone kama saa 4 zinatosha. Alazwe ubavu nusu, mto nyuma ya mgongo, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro.

Da Rehema (nesi): Ukaguzi wa ngozi kila siku: mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino. Bonyeza kwa kidole, achia. Wekundu usiopotea ni kidonda kinaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo pitisha kiganja: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Msipakande, mtachana nyama iliyokwisha kuumia. Mwondoeni hapo, mnijulishe.

Baba Tumaini: Kulisha je?

Da Rehema (nesi): Anaweza, ila kwanza mtaalamu apime jinsi mama anavyomeza. Akae wima kabisa, nusu kijiko cha chai, asubiri ameze. Achungulie shavu la upande dhaifu, chakula hujificha humo. Sauti ikiwa kama ina maji kooni, aache. Baadaye abaki ameketi dakika 30. Maji matupu humpalia mgonjwa wa hivi kuliko kitu kizito.

Da Rehema (nesi): Dawa: mtu mzima apange za wiki nzima kwenye kisanduku cha vyumba 7, mtoto atoe na kuweka alama ya vema. Dozi ikisahaulika, asitoe mbili kwa pamoja. Wala asisage kidonge bila kumuuliza mfamasia, vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole.

Mwalimu: Shuleni nitaomba aruhusiwe simu iliyozimwa sauti, na siku za nyongeza kwa kazi za nyumbani. Ombi langu kwenu: tuache kumwambia "sasa wewe ndiye mama wa nyumba". Akishasifiwa hivyo ataona aibu kusema amechoka. Muulizeni akiwa peke yake ni kazi gani inamwelemea zaidi, tuanze na hiyo.

Da Rehema (nesi): Kweli kabisa, mwalimu. Na mama mwenyewe aulizwe nani aingie chumbani kwake. Mlangoni ibandikwe karatasi: ugonjwa, dawa, mzio, namba za simu. Uso ukipinda upya, mkono ukilegea au maneno yakigoma, asingoje hata kama dalili hizo zimepita. Aite msaada wa dharura, aandike saa aliyomwona mzima mara ya mwisho. Daktari huitegemea hiyo kuchagua tiba.

Mama Neema: Nimeelewa. Mama akikubali, kuoga nachukua mimi na Bi Zuhura kwa zamu. Baba Tumaini na Kaka Idi, kumtoa kitandani na kumrudisha mtachukua ninyi?

Baba Tumaini: Tuko pamoja. Kaka Idi, kesho nikute pale unionyeshe hilo la goti kabla sijamgusa mgonjwa.