Nampeleka mamangu Lamu mwezi wa tano, naambiwa ni mvua tupu. Niende ama nighairi?

Wa_Kasarani
Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa haraka kwa sababu nina mpaka Ijumaa kuamua.

Mamangu ana miaka 64, amezaliwa Ol Kalou na ameishi huko maisha yake yote, baridi na viazi na ng'ombe, hajawahi kuona bahari hata siku moja. Krismasi iliyopita tulikuwa tunaangalia habari kwa TV wakaonyesha jahazi zinapita, akauliza "sasa hayo maji yanaishia wapi?" na hilo swali halijanitoka kichwani mpaka leo. Nikaanza kuweka pesa kidogo kidogo. Likizo kazini nimepewa mwezi wa tano pekee, Agosti na Disemba bosi hataki hata kusikia. Nikatafuta gesti Lamu mjini, Shela, kijiji cha jirani, ilinishinda bei, nikapata chumba cha vitanda viwili 3,500 kwa usiku na chai ya asubuhi. Siku nne. Nusu nimeshatuma kwa M-Pesa, 7,000.

Sasa jana mwenzangu wa kazini ananiambia nimepotea, eti mwezi wa tano ndio mvua yenyewe, hoteli zinafungwa, bahari imechafuka, nitamtoa mama Ol Kalou nimfungie chumbani siku nne asikilize mvua ambayo hata kwao iko. Sijalala vizuri.

Na kuna mambo mawili, goti lake la kushoto linasumbua, ngazi anapanda polepole sana, halafu ana kifua, hutumia inhela baridi ikizidi. Mimi sina uwezo wa kurudia hii safari mwaka huu wala pengine mwaka ujao. Mliokaa gesti za kawaida huko wakati wa mvua, ikoje kwa ukweli?

Lang'ata_Mkaazi
Ghairi dada. Chukua treni ya SGR uende Mombasa, baharini ni baharini. Mvua itakupata huko pia lakini utapata teksi mpaka mlangoni, Lamu hakuna gari, mama na goti lake atatembea kwa matope.

Mzaliwa_wa_Amu
Dada, mimi ni wa Amu, ndiyo Lamu yenyewe, nipo South C mwaka wa tisa sasa. Mwenzako hajakudanganya ila hajakumalizia.

Masika ya kwetu hushika Aprili, Mei ndio kilele, Juni inaendelea kidogo. Na upepo unakuwa ushageuka, kaskazi imeondoka imeingia kusi, na hiyo kusi ndiyo inayochafua bahari ya nje. Kwa hiyo kuogelea Shela upande wa bahari kuu na safari ndefu za mashua, sahau. Lakini maji ya kati ya Lamu na kisiwa cha Manda yamekingwa, hapo vyombo vinapita mwaka mzima, watu wanaenda kazini na watoto wanaenda shule.

Mvua yenyewe si ile ya kwenu Nyandarua ya kunyunyiza kutwa na ukungu juu. Yetu huja kwa kishindo, sana sana usiku na alfajiri, inamwagika kana kwamba mtu amepindua pipa, halafu saa nne jua linachoma na mitaa inafuka mvuke. Zipo siku hunyesha kutwa, siwezi kukuapia hamtazipata. Ukikaa siku nne weka hesabu ya siku moja kuharibika kabisa.

Kufungwa, ni kweli hoteli nyingi za Shela hufunga Mei na Juni, ndio wakati wao wa ukarabati. Mjini hakufungwi kwa sababu watu wanaishi pale. Makumbusho ya pwani yako wazi, ngome iko (walianza kuijenga 1813 ikaisha 1821), na mama hata akikaa tu pale uwanjani mbele ya ngome chini ya miti na kikombe cha chai ya tangawizi ataona mji mzima ukimpitia, punda, wachukuzi, kina mama na mabuibui yao. Mei mgeni ni nadra, watu wana nafasi ya kuongea naye. Mimi ndio msimu ninaoupenda kwetu kuliko wote.

Cha kuogopa ni vichochoro. Mji umejengwa kwa mteremko, maji yote yanashuka kwa mitaro kuelekea baharini, na mavi ya punda yakilowa yanateleza kama sabuni. Asije na viatu vya kanisani. Raba zenye meno chini. Na gesti iwe karibu na pwani, kule juu mlimani akipanda mara moja hatatoka tena.

Lang'ata_Mkaazi
Ndio hapo sasa. Mtu wa miaka 64 na goti unamwambia mteremko, mavi ya punda na mvua. Mi bado nasema Mombasa.

Fundi_Makuti
Niongeze hapo kwa goti kwa sababu watu husahau kuuliza kuhusu ngazi. Nimekarabati paa Watamu na Lamu miaka mingi.

Nyumba za zamani za Lamu ni kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiendi urefu wa maana, ndio maana utaona vyumba vyote ni vyembamba na virefu, usifikiri umepunjwa. Sasa ukuta ule unanyonya maji kutoka ardhini. Chumba cha chini kabisa wakati wa masika kina unyevu mpaka shuka unaiona nzito mkononi, na kwa mtu wa kifua hapo hapana. Chumba cha juu kabisa chini ya makuti kina hewa tamu sana lakini kusi ikivuma mvua inaingia kwa ubavu, makuti hayana shida, yakiwa na mwinuko mkali maji yanateremka tu, shida ni pembeni pako wazi. Chukua ghorofa ya katikati, na ikiwezekana dirisha liangalie uani ndani badala ya upande wa upepo.

Halafu waambie wakuhesabie ngazi. Kweli, wahesabu moja moja mpaka mlango wa chumba, na wakuambie kama kuna pa kushika. Ngazi za zile nyumba hazina kipimo kimoja, moja fupi inayofuata inafika karibu na goti, na nyingi hazina reli. Mama akipanda anatangulia yeye wewe nyuma, akishuka unatangulia wewe.

Nilikuwa_Mapokezi
Nilifanya kazi gesti ya Lamu misimu mitatu kabla nihamie huku Rongai, kwa hivyo naongea ninachojua.

Mei tulikuwa tunaamka jicho kwa anga. Jua likichungulia tu, wote mbio, magodoro juu kwenye roshani, mito juu, madirisha wazi, kwa sababu ukikosa hayo masaa mawili ya jua usiku ule mgeni atalala kwa harufu. Gesti ambayo haina watu wa kufanya hivyo utajua ukinusa mto. Nusa mto kabla ya kuweka begi chini, usione haya, na kama unanuka kama kabati la zamani omba mwingine hapo hapo.

Picha wanazokutumia ni za Januari. Muombe mtu wa pale akupigie video leo, si ya roshani na bahari, ni ya ukuta nyuma ya kitanda, pembe za dari na chini ya dirisha. Doa la kahawia darini ni maji yanaingia. Vidoa vyeusi ukutani ni kuvu. Uliza mashuka wanakausha wapi mvua ikinyesha. Uliza stima ikipotea kuna nini, feni isipozunguka hewa inasimama na mbu wanaamka. Neti uiangalie kwa video pia kama ina tundu. Na nguo zenu msiziweke kabatini, ziache ndani ya begi kwa mfuko wa nailoni, viatu vya ngozi vinaota ukungu wa kijani siku tatu tu.

Na usisahau bei. Mei chumba kile kile kinashuka, wewe umelipa kama mtu wa Disemba. Ongea nao kwa upole watakuhamisha chumba kizuri bila kuongeza kitu, wako tupu.

Baba_Njeri
Mimi yalinikuta. Gesti moja ya kisiwani, jina naliacha, saa nane usiku maji yakaanza kudondoka katikati ya kitanda, si tone, ni mstari. Mlinzi akaleta ndoo. Ndoo ikijaa inapiga kelele, tukakaa macho na mke wangu mpaka asubuhi tukibadilishana kuimwaga. Kuomba kurudishiwa pesa wakasema mvua ni ya Mungu. Nimeumia mpaka leo kwa sababu tulikuwa tumelipa wiki nzima mbele. Kwa hivyo hiyo nusu iliyobaki usiitume. Lipa kila asubuhi kwa ajili ya usiku unaofuata, na waandike kwa meseji kwamba chumba kikivuja watakuhamisha. Iwe kwa maandishi.

Sista_Wodi5
Ni nesi. Inhela beba mbili, moja kwa mkoba wako moja mfukoni mwake, si kwa begi kubwa. Chumba chenye kuvu hata kidogo usikubali, kifua kitafunga usiku. La pili ni malaria, mtu wa Nyandarua hajaizoea kabisa mwilini, msimu wa mvua mbu ni wengi, kwa hivyo apite kliniki mapema kabla ya safari aulize kuhusu dawa za kukinga na awaambie dawa zote anazotumia. Akipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe malaria na aseme alikuwa pwani. Lamu mjini hospitali ya King Fahd iko, haujampeleka porini.

Dere_wa_Zamani
Unaenda na nini? Kama ni basi fikiria tena. Lami ipo sasa kutoka Garsen kupita Witu mpaka Mokowe, ni nzuri, lakini mto Tana ukijaa maji yanapanda barabarani pale Garsen na mtakwama. Vizuizi vya polisi ni vingi, kila mtu na kitambulisho mkononi. Na ni masaa mengi kwa goti. Ukiweza panda ndege uwanja wa Wilson, hata kwenda tu, mnashuka Manda mnavuka kwa boti dakika chache. Pale jeti, yaani gati la boti, maji yakiwa yamepwa ngazi zinakuwa ndefu na zina utelezi wa kijani. Mwambie nahodha kabla hamjafika, "nina mama ana goti", watamshika mikono miwili. Hiyo ni kazi yao na wanaifanya kwa heshima.

Wa_Kasarani
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimepiga simu. Chumba walichonipa kilikuwa cha chini!! Nimeomba cha katikati, wamekubali bei ile ile, ngazi 19, hakuna reli lakini kuna ukuta pande zote mbili wa kushika. Video wametuma, ukuta safi, kuna doa moja dogo karibu na mlango. Nusu nyingine tutalipa siku kwa siku, wameandika. Ndege nimepata ya kwenda, kurudi pia nimejikaza nikalipa, nitakula sukuma mpaka Agosti. Lang'ata nimekusikia pia na najua unasema kwa ajili ya mama, lakini naenda.

Lang'ata_Mkaazi
Sawa dada. Nunua mwavuli mkubwa, ile midogo upepo unaigeuza. Mungu awatangulie.

Wa_Kasarani
Nawaandikia nikiwa Lamu, siku ya tatu, mama amelala mchana.

Juzi usiku imenyesha sijawahi kusikia kitu kama kile, stima ikaenda, nikawasha tochi ya simu nikaangalia dari, kavu. Mama alikuwa ameketi kitandani ndani ya neti ananiambia "sikiza, hii mvua haina mabati", kweli, kwa makuti inalia chini chini, hailii kama kwetu. Kifua kiko sawa. Jana ilinyesha mpaka saa nane mchana hatukutoka, yule mama wa gesti akamleta jikoni wakakaa wanachambua mbaazi pamoja, Kiswahili cha mamangu ni cha kuombea maji lakini walielewana mpaka ikafika ya wajukuu. Leo asubuhi jua, tumeteremka pwani polepole, mkono wake kwa bega langu.

Alisimama jeti muda mrefu hajasema kitu. Halafu akainama akachota kwa kiganja akaonja, akatema, akaonja tena. Akamuuliza nahodha lile swali lake. Nahodha ni mzee, hakucheka, akamgeuza kwa bega taratibu akamwonyesha kwa kidole kule Manda inapoishia, akamwambia "mama, ukipita pale usimame, huoni nchi mpaka Bara Hindi, na babu yangu alikuwa akienda huko na jahazi akisubiri upepo ugeuke ndipo arudi". Mama akamuuliza walikuwa wanakula nini njiani. Wameongea nusu saa.

Sasa nina swali la mwisho. Amejaza chupa ya nusu lita maji ya bahari apelekee majirani Ol Kalou waonje wenyewe. Kwa ndege wataniruhusu?

Dere_wa_Zamani
Mkononi wanaweza kukunyima. Weka ndani ya begi la kukabidhi, kifuniko ukaze, nailoni mbili, katikati ya nguo. Wengi tumebeba hivyo.

Mzaliwa_wa_Amu
Na asichote hapo jeti kuna mafuta ya boti. Kesho asubuhi maji yakijaa mwambie nahodha awasogeze kidogo upande wa Shela, huko ni safi. Msalimie mama, mwambie karibu tena kwetu.