Kunakili na kufomati flopi za 1.44 MB kwa amri za Linux

fundi_darizi: Habari za kazi wakuu. Mashine yangu ya kudarizi inasoma flopi za inchi 3.5 tu, na nembo zote za wateja zimo humo. Nimechomeka draivu ya flopi ya USB kwenye laptopu, amri ya kufomati, fdformat, inakataa kabisa. Nifanyeje?

mzee_wa_terminali: Salama mkuu. fdformat ni ya draivu za ndani, zile za /dev/fd0. Ya USB inataka ufiformat. Ila usifomati chochote kabla ya kunakili! Piga lsblk, inayoorodhesha diski zote, tafuta kifaa cha 1.4M. Tuseme ni sdb, nakili flopi nzima iwe faili kwa amri ya dd:

dd if=/dev/sdb of=nembo.img bs=512

Faili likiwa na baiti 1,474,560, yaani sekta (vipande vya baiti 512) 2,880, limetimia. Kisha weka flopi tupu:

ufiformat -f 1440 /dev/sdb
dd if=nembo.img of=/dev/sdb bs=512

Kagua herufi ya kifaa (ile b ya sdb) kila mara. dd haiulizi, inafuta tu.

binti_pwani: Kabla ya kusoma flopi ya asili, sogeza kile kitufe cha pembeni hadi tundu libaki wazi, isiandikike. dd ikikwama kwenye sekta mbovu, tumia ddrescue, inaruka pabovu kisha inarudi kujaribu tena.

fundi_darizi: Asanteni sana. Baiti zimetimia, nembo za sare za shule zimepona.