Kidato cha Kwanza B wako 94: nitamfikiaje kila mmoja?

Mwalimu wa Kata:
Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha Hisabati sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa. Wiki iliyopita alikuja mthibiti ubora, akapitia andalio langu la somo, akaandika kwa wino mwekundu: nizingatie tofauti za mwanafunzi mmoja mmoja. Nikaitikia.

Darasa lina watoto 94, kipindi ni dakika 40. Gawa mwenyewe: kila mtoto sekunde 25, na hapo sijafuta ubao. Mikondo ninayo mitatu, madaftari karibu 280. Nikisahihisha kila moja kwa dakika mbili ni saa tisa na ushee, na wiki hii ndiyo mimi mwalimu wa zamu.

Kuna wawili wananinyima usingizi. Wa kwanza, mama yake anauza dagaa gulioni na yeye ndiye anayerudisha chenji. Muulize kwa mdomo: visado vitatu ni 7,500, kimoja na nusu je? Anakupa 3,750 hujamaliza kutamka. Swali hilohilo likikaa ubaoni kwa Kiingereza, anaandika tarehe, anaipigia mstari, basi. Shule ya msingi yote kasoma kwa Kiswahili. Jaribio la Machi kapata 8 kati ya 100.

Wa pili ni binti anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni. Nilidhani anatega. Juzi nikamkuta anasoma, kitabu kimegusa pua.

Hawa nimewagundua kwa bahati tu. Wale 92 je? Naomba mbinu mlizotumia wenyewe, siyo za semina. Za semina ninazo, zilifundishwa kwa darasa la mfano la watu 30.

Chaki Nyeupe:
Pole, mwalimu mwenzangu. Nina miaka 19 kazini. Anza na binti. Apelekwe hospitali ya wilaya akapimwe macho. Huenda ni miwani tu. Wakisema ni uoni hafifu, mkuu wa shule asisahau kulionyesha hilo wakati wa kumsajili kwa upimaji wa Kidato cha Pili. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza: Hisabati dakika 20 kwa kila saa, masomo mengine 10. Nimeshuhudia mtoto akihangaika na karatasi ya kawaida kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kujaza taarifa zake.

Madaftari yote huyawezi, acha. Mimi dakika tano za mwisho natoa swali moja, wanajibu kwenye kipande cha karatasi. Siweki alama. Natenga mafungu matatu mezani: kaelewa, kapotea njiani, hajui pa kuanzia. Mkondo mzima unaisha kwa dakika 20 hivi. Kesho yake wengine wanafanya maswali ya ubaoni, mimi nakaa na fungu la tatu. Kila mada mafungu yanabadilika. Aliyezama kwenye aljebra unaweza kumkuta anaongoza kwenye vipimo. Ila usiwaketishe kwa mafungu mwaka mzima. Mimi niliwahi, na ile safu ya nyuma ikajiita Wasindikizaji. Hadi Kidato cha Nne jina halikutoka.

Bati Jipya:
Wakuu, tusidanganyane. Darasa la sekondari linatakiwa liwe na watoto 40. Ada imefutwa tangu 2016, jambo jema, lakini mimi walimu wa Hisabati sijawaona wakija kwa kasi hiyo. Hayo mafungu ni kumbebesha mwalimu mzigo usio wake.

Chaki Nyeupe:
Ni kweli kabisa. Na kesho saa mbili asubuhi wale 94 watakuwa wamekaa.

Mama Furaha:
Bwana mwalimu, ninaandika toka Columbus, Ohio. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kijana wangu akaingia sekondari ya serikali hapa. Msifikiri huku ni mteremko. Kuna sheria tangu 1975: mtoto mwenye ulemavu anaandikiwa mpango wake wa masomo, unapitiwa kila mwaka, na mzazi anakaa mezani. Nilikaa na watu saba pamoja na mkalimani. Mpango ulisema aongezewe muda wa mitihani. Ikafika Novemba, mwalimu wa aljebra ananiambia hajauona. Sikumgombeza sana, alikuwa anafundisha watoto zaidi ya mia kwa siku.

Lakini sheria hiyo inataka pia mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, na hilo lilituokoa. Walishaanza kusema ana kichwa kizito. Alipopimwa kwa Kiswahili, hesabu akazijibu vizuri. Shida ikaonekana kwenye kusoma, herufi zinamchanganya hata za Kiswahili. Kwa hiyo huyo wako wa dagaa usimuulize kwa mdomo peke yake. Mwandikie kwa Kiswahili, umwache asome mwenyewe. Utajua kama ni Kiingereza ama ni kusoma.

Mwalimu wa Kata:
Mama Furaha, nimefanya hivyo leo saa ya chai. Nimemwandikia lile la visado, Kiswahili kitupu. Kaliangalia muda mrefu, kisha akaniwekea kidole kwenye karatasi: "Mwalimu, hapa pameandikwa nini?" Palikuwa pameandikwa "kimoja".

Mimi miezi yote hii nalaumu Kiingereza. Nimeongea na mwalimu wa Kiswahili, tutamchukua kwa zamu baada ya vipindi, tuanzie silabi. Binti anakwenda hospitali Alhamisi na shangazi yake. Karatasi za mafungu naanza Jumatatu na mkondo B. A na C watanivumilia.