Binti kaandika "dove", mwalimu kampa kosa. Niende shule au niache?

MamaWawili_Igoma: Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Mwanza. Kwenye insha kaandika "My uncle dove into the lake", akieleza mjomba wake alivyojitosa ziwani kufuata wavu pale Mwaloni. Mwalimu kakata kwa kalamu nyekundu, pembeni kaandika: "Njiwa?" Darasa zima likacheka, sasa ndilo jina lake. Mtoto kashikilia kwamba kaisikia kwenye katuni za Kimarekani. Mimi Kiingereza changu cha kuungaunga. Nani yuko sahihi?

SatoMbichi: Dada, angeandika "jumped" yakaisha 😂

MwlMstaafu: Sato, acha utani, mtoto wa watu kabandikwa jina. Mama, binti hajakosea. "Dive" ina wakati uliopita wa namna mbili. Waingereza husema "dived". "Dove" ilizuka karne ya 19, watu wakiigiza "drive" na "drove", ikashika Marekani na Kanada. Tena hutamkwa "douvu". Njiwa ni "davu".

Shule zetu zimerithi Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana kalamu ikapita. Viko vingi vya hivyo: "learnt" na "learned", "burnt" na "burned", "spelt" na "spelled". Waingereza wanatumia zote, Wamarekani wanapendelea za -ed. Cha kuogopa ni "hang". Nguo uliyoitundika ni "hung", mtu aliyenyongwa ni "hanged". Niliwahi kusahihisha daftari ambamo shati la shule lilinyongwa nyuma ya mlango.

DagaaMkavu: Shikamoo mwalimu. Mama, usiende wewe, utaonekana umekuja kugomba. Mpe binti kamusi amfuate mwalimu baada ya kipindi, wenzake wasiwepo. Ila kwenye mtihani wa taifa aandike "dived". Kule msahihishaji hamjui, hana wa kumwonyesha kamusi.

SatoMbichi: Na "got" na "gotten" je, mwalimu?

MwlMstaafu: Fungua uzi wako.

MamaWawili_Igoma: Mrejesho wakuu. Kaenda na kamusi ya maktaba. Mwalimu kasoma mara mbili, kacheka, karudisha alama. Njiwa bado wanamwita. Nimemuuliza kama linamuuma, kasema afadhali hilo kuliko la mwaka jana. La mwaka jana kagoma kunitajia.