Kamomili ipi ya kupanda kwa ajili ya chai: ya Kijerumani au ya Kirumi?

Mama wa Kadutu, Bukavu

Ndugu zangu wapenda bustani, ninawasalimu. Nyuma ya nyumba nina kipande kidogo cha ardhi kwenye mteremko, ambapo tayari kuna mchaichai, mnanaa na rosemari, na sasa ninataka kuongeza kamomili kwa ajili ya chai ya jioni. Mdogo wangu aliyeko Ubelgiji yuko tayari kuniletea mbegu, lakini dukani amekuta pakiti za aina tatu: kamomili ya Kijerumani, ya Kirumi, na nyingine ambayo wanasema ni ya kutia nguo rangi. Mimi ningependelea mmea unaodumu, nisilazimike kupanda upya kila mwaka. Je, nimwambie achukue ipi?

Mkulima wa Himbi, Goma

Mama, kwa kuwa shabaha yako ni chai, mwambie achukue ya Kijerumani, na ahakikishe kwamba kwenye pakiti pameandikwa Matricaria chamomilla, maana jina la kamomili peke yake hubandikwa kwenye mimea mingi. Ile ya rangi, Cota tinctoria, ina maua ya manjano yanayofaa kupaka nyuzi, iache. Ya Kirumi, Chamaemelum nobile, ndiyo inayodumu miaka kadhaa, lakini haipandi juu, hutambaa chini, hutoa maua machache zaidi, na chai yake ina uchungu ambao watoto wengi hawaupendi. Ya Kijerumani husimama hadi kufikia sentimita 50 au 60, hutoa maua mengi kwa mfululizo, na ladha yake ni tamu kidogo.

Kuhusu kupanda upya, usiwe na wasiwasi sana. Ni kweli kwamba mmea huu hufa baada ya kuzaa, lakini ukiacha maua machache yakomae na kukauka shambani, mbegu huanguka na kuota zenyewe, hata utalazimika kuipunguza.

Jambo la kushughulikia kwa makini ni kuotesha. Mbegu ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie: zichanganye na mchanga mkavu, zitawanye juu ya udongo laini, kisha zigandamize kidogo kwa kiganja. Kwa mvua za Bukavu na mteremko wako, mvua moja kubwa inaweza kuzipeleka zote kwa jirani, ndiyo maana ninakushauri uanzie kwenye beseni lililotobolewa chini, ulilohifadhi barazani penye mwanga, uhamishe miche ikiwa bado midogo. Samadi usizidishe, kwa sababu udongo wenye rutuba nyingi huzaa majani badala ya maua. Hapa Goma, ambapo tunalima juu ya mawe ya volkano kwa udongo wa kubeba kwa magunia, inastawi vizuri, ila mizizi yake haiendi chini sana, na maji yakipita upesi hunyauka ikiwa bado changa.

Papa wa Katuba, Lubumbashi

Ninakubaliana na ndugu wa Goma, isipokuwa nisingeitupa ya Kirumi moja kwa moja. Ukiipanda ukingoni mwa njia hufunika udongo, ukiigusa hutoa harufu ya tofaa, na huongezwa kwa kugawa mashina yake. Kwa mteremko hiyo ni faida. Jihadhari tu na ile iitwayo Treneague, inayopandwa Uingereza badala ya nyasi, kwa sababu haitoi maua kabisa.

Wapo wanaodai kwamba ya Kijerumani haiwezi kuchanua kwetu kwa kuwa inapenda siku ndefu. Siku ndefu huiharakisha, ni kweli, lakini Misri, ambayo huuza kamomili nyingi nchi za nje, huilima katika majira yao ya baridi, wakati mchana ni mfupi kuliko wetu. Adui wake ni joto kali. Sisi huku tunasia mwezi wa Machi, mvua zikikaribia kuisha, ili maua yaje katika baridi ya Juni, tukimwagilia wenyewe.

Mama wa Kadutu, Bukavu

Ninawashukuru sana. Basi nitaagiza ya Kijerumani kwa chai, na ya Kirumi kidogo kwa ukingo. Zikishaota zote mbili, nitazitofautishaje? Na hapa kwetu penye unyevu, maua nitayakaushaje?

Mkulima wa Himbi, Goma

Pasua ua katikati kwa wembe, Mama: ya Kijerumani ina uwazi ndani ya kile kichwa cha manjano, ya Kirumi imejaa. Sia katikati ya Aprili, ili mavuno yaanguke mwezi wa Juni, jua likiwa limerudi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, petali zikiwa zimenyooka kwa ubapa, kabla hazijaelekea chini. Tandaza safu moja juu ya kitambaa au wavu, kivulini penye upepo, usiweke kwenye chupa hadi kile kichwa kivunjike kikavu kati ya vidole, kwa sababu kikibaki na unyevu kitaota ukungu. Ukipika chai, funika kikombe dakika tano hadi kumi ili harufu isitoke na mvuke. Kama nyumbani kuna mtu anayedhuriwa na chavua za maua ya jamii ya alizeti, au anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande kama warfarini, asiinywe kabla ya kumwuliza daktari; na mama mjamzito vilevile.